Kromiamu asilimia 4: kisa cha boliti za boti Lamu na ripoti ya mashine ya Auger

Kisa ni kipi

Boliti na washa za stenlesi zimefungwa kwenye boti za abiria Lamu, zikaanza kutoka madoa rangi ya chai ya rangi, mwenye boti akasema kauziwa feki, muuzaji akaapa si feki, halafu katikati ya ugomvi ikaingia ripoti ya maabara imeandikwa kromiamu asilimia 4. Mimi niliitwa na wazee waliokuwa wanasuluhisha ili niwasomee hiyo ripoti. Majina ya watu, duka na chuo nimeyatoa yote, na namba za vipimo nimezikata desimali, lakini mambo yalivyofuatana ni hivi hivi. Nimeandika kwa yeyote anayeletewa karatasi ya Auger, mashine inayosoma elementi zilizopo juu ya uso wa kitu, yenye safu ya asilimia na anatakiwa aamue kitu kwa hiyo karatasi.

Mazingira

Boti zinazovusha watu Mokowe, Lamu na Shela hazipumziki chumvini, na kusi ikivuma ndo balaa, mawimbi yanarusha maji mpaka juu ya turubali, jua linakausha, chumvi inabaki, usiku umande unailowesha tena, kesho hivyo hivyo. Mwenye boti alifanya ukarabati mkubwa, akang'oa boliti za zamani zilizopakwa zinki akaweka za stenlesi kutoka duka moja Mombasa. Kichwani zimepigwa alama A4-70. Makubaliano yalikuwa nusu sasa, nusu msimu ukiisha.

A4 kwenye boliti ni ile familia ya stenlesi iitwayo 316, yaani kwa uzito kromiamu 16 mpaka 18, nikeli 10 mpaka 14, na molibdenamu 2 mpaka 3, iliyobaki karibu yote ni chuma. A2 ni familia ya 304, bei yake chini, na haina molibdenamu. Hiyo molibdenamu ndiyo inayosaidia dhidi ya klorini ya chumvi, kwa hiyo mtu wa pwani akiuziwa A2 kwa bei ya A4 kaibiwa kweli, hilo halina mjadala.

Wiki chache baadaye madoa yakatoka. Ukisugua kwa limau yanaondoka, yanarudi. Fundi akaleta sumaku, ikakamata kidogo kwenye nyuzi za boliti, akamwambia mwenye boti, "Hini si stenlesi mzee, umeuziwa bati." Nisema hapa hapa, kipimo cha sumaku kwa boliti hakina maana kubwa, manake kichwa na nyuzi hufinyangwa kwa nguvu chuma kikiwa baridi, na hiyo peke yake inaweza kufanya stenlesi halali ikamate sumaku kidogo. Lakini neno lilishatoka, na nusu ya pesa ikazuiwa.

Kilichotokea

Mwenye boti ana mtoto wa kaka yake anasoma uzamili nje ya nchi, kwenye idara yenye mashine ya spektroskopia ya elektroni za Auger. Kijana akasema, "Ami nitumie hizo boliti, huku tuna mashine inasoma kila kitu kilichopo juu ya chuma." Zikapelekwa na msafiri, ndani ya mfuko wa plastiki, boliti mbili zilizotumika. Na hapa pana kitu ambacho hakikuandikwa popote mpaka nilipouliza baadaye: mmoja nyumbani, kwa adabu tu, asionekane anatuma uchafu ulaya, alizisugua kwa limau na sabuni kabla hazijafungwa. Zote au moja? Hakuna aliyekumbuka.

Kijana akafungua mfuko, akazishika kwa mikono, akapima. Ripoti ikaja: kaboni 45, oksijeni 30, chuma 12, klorini 5, kromiamu 4, sodiamu 2, nikeli 1, naitrojeni 1. Jumla 100. Molibdenamu haikuandikwa kabisa.

Mwenye boti alisoma mistari miwili tu, kromiamu 4 na molibdenamu hakuna, na kusema kweli nani angemlaumu, alama inasema 16 na karatasi ya chuo kikuu inasema 4. Akaipeleka kwa wazee akitaka arudishiwe hata ile nusu aliyokwisha lipa.

Hizo asilimia zinatoka wapi

Hapa ndo penye kisa chenyewe kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mashine inapiga uso wa sampuli kwa mwale wa elektroni wa kilovolti 3 mpaka 10 hivi, ndani ya vakyumu kali. Atomu inang'olewa elektroni ya ndani, ya tabaka la juu inashuka kuziba pengo, na nguvu inayobaki inamtupa nje elektroni mwengine. Lise Meitner aliliandika jambo hili 1922, Pierre Auger akalikuta kivyake mwaka uliofuata, jina likabaki la Mfaransa. Nguvu ya huyo elektroni anayetoka ndiyo kitambulisho cha atomu, na kwenye grafu ya mashine kila elementi inatoa kilele mahali pake: kaboni kama elektrovolti 272, oksijeni kati ya 503 na 510, kromiamu vilele vyake vikubwa 489 na 529, chuma 703, nikeli 848. Sasa elektroni wa nguvu hizo hawezi kusafiri mbali ndani ya chuma bila kupoteza nguvu, kwa hiyo wanaofika kwenye kipimo wakiwa salama ni wale waliotoka nanomita chache tu za juu. Boliti ya milimita 10 ina nanomita milioni 10. Mashine imeona mbili tatu za mwanzo.

Halafu hesabu. Unachukua ukubwa wa kilele cha kila elementi, unagawanya kwa kigezo cha unyeti cha elementi hiyo, kwa vile klorini kwa mfano inatoa ishara kubwa mara kadhaa kuliko chuma hata zikiwa idadi sawa. Ukishagawanya zote unajumlisha, na kila moja unaigawa kwa hiyo jumla. Ndo maana lazima itoke 100. Hata ungepima kidole cha mtu ingetoka 100.

Ndani ya hesabu hiyo kuna dhana moja kubwa ambayo haiandikwi kwenye karatasi: kwamba vitu vyote vimechanganyika sawasawa ndani ya kina kile kinachosomwa. Uso wa boliti hauko hivyo. Juu kabisa kuna kaboni, mafuta ya mikono, plastiki, hewa, kila kitu kilichokaa hewani kina koti hilo. Chini yake kuna ngozi ya oksidi yenye kromiamu nyingi, unene wake nanomita 1 mpaka 3 tu, ndiyo inayoifanya stenlesi iwe stenlesi. Chini ya hapo ndo chuma chenyewe. Ni biriani, ukichota juu juu utaapa ni wali mtupu.

Kwa hiyo ile 4 ni 4 ya nini? Ni atomu 4 katika 100 za mchanganyiko wa uchafu, oksijeni, chumvi na metali. Toa visivyo metali ya boliti, ubaki na chuma 12, kromiamu 4, nikeli 1, jumla 17. Kromiamu 4 kwa 17 ni karibu asilimia 24 ya metali. Karatasi iliyomtia mtu hasira kwa kuwa kromiamu ni kidogo, ukiihesabu vizuri inasema kwamba juu ya boliti kromiamu ni *nyingi* kuliko ndani, na hivyo ndivyo ngozi ya stenlesi inavyotakiwa kuwa. Na koti la kaboni lenyewe linazuia elektroni wa nguvu ndogo zaidi kuliko wa nguvu kubwa, yaani linamzuia kromiamu wa 529 kuliko nikeli wa 848, kwa hiyo ikiwa kuna kosa upande huo basi kromiamu imepunjwa.

Kuna na suala la atomu na uzito. Viwango vya madukani ni vya uzito, Auger inatoa atomu. Kwa kromiamu tofauti ni ndogo, 17 kwa uzito inakuwa kama 18 kwa atomu, ila kwa molibdenamu atomu yake ni nzito, 2.5 kwa uzito inashuka mpaka kama 1.5 kwa atomu. Hiyo iko karibu na mpaka wa chini wa kile Auger inachoweza kuona, ambao kwa kawaida ni kati ya 0.1 na 1 kutegemea elementi na muda uliopima.

Molibdenamu ilikwenda wapi

Hili ndilo lililonifanya niwaambie wazee wasikate shauri bado. Kilele kikubwa cha molibdenamu kiko elektrovolti 186. Cha klorini kiko 181. Vimekaa bega kwa bega, na programu ya mashine ikikuta kilele kinono hapo inachagua jina moja. Boliti imetoka Lamu, imejaa chumvi, klorini inapiga kelele kuliko wenzake wote, programu ikaandika klorini na ikafunga kazi. Elementi ile ile inayotofautisha A4 na A2 ndiyo iliyofunikwa na chumvi ile ile iliyofanya mtu anunue A4. Sulfuri nayo ingekuwepo isingesaidia, iko 152, na molibdenamu ana vilele vidogo mtaa huo huo.

Dawa yake inajulikana. Molibdenamu ana kilele kingine 221, klorini hana. Ukitaka kujua nani ni nani angalia 221, au ondoa klorini halafu uangalie tena 186. Kijana hakufanya moja wala nyingine kwa kuwa aliamini jedwali na hakufungua grafu. Jedwali ni maoni ya programu, kipimo ni grafu, na mimi siku hizi ripoti ya Auger isiyo na grafu siisomi.

Uamuzi uliofuata, na kwa nini

Wazee walikubali mambo mawili. Kwanza pesa ikae palepale, asilipe mtu asirudishiwe mtu. Pili, pimwe tena lakini swali ligawanywe, kwa sababu kumbe kulikuwa na maswali mawili yamefungwa kamba moja: boliti hizi ni 316 au la, na madoa haya yametoka wapi. La kwanza ni swali la ndani ya chuma. La pili ni la juu ya uso. Auger ni mashine ya la pili. Ilitumiwa kwa la kwanza kwa sababu moja tu, ilikuwepo na ilikuwa bure.

Kwa swali la kwanza tulitafuta Mombasa mnunuzi wa chuma chakavu mwenye kile kifaa cha eksirei cha mkononi, kama bunduki, unakiweka juu ya chuma sekunde chache kinasoma kina kikubwa mara elfu kuliko Auger. Boliti tatu za boksi lile lile, alama ile ile, zote kromiamu, nikeli na molibdenamu zikaingia ndani ya 316. Hilo lilitosha kabisa na lingefanyika siku ya kwanza.

Kwa swali la pili zikatumwa washa badala ya boliti, kwa ushauri wa mtu wa maabara kule kule, fundi mkuu wa mashine, ambaye inaonekana alimsema kijana vizuri. Washa ni bapa. Boliti ni mviringo na ina nyuzi, upande mmoja unaangalia kipimo upande mwengine uko kivulini, na kilele kinapanda kinashuka kwa umbo tu bila elementi kubadilika. Zikatumwa washa mpya ya boksini na washa yenye madoa, hazijasuguliwa na kitu, kila moja kwenye kichupa cha kioo, zimeshikwa ukingoni kwa kibano.

Washa mpya wakaichonga kidogo kwa ayoni za argoni, yaani atomu za gesi zenye chaji zinazorushwa kwa kasi zikwangue uso, ndani ya mashine, kaboni ikaondoka, oksidi ikaondoka, ikabaki chuma 68, kromiamu 19, nikeli 11, molibdenamu 2, na kilele cha 221 kimesimama wazi. Sasa hata hapa usikimbilie kusema imethibitishwa. Vigezo vya unyeti vya kitabuni vinaweza kukupotosha asilimia 10 mpaka 30 ya namba yenyewe, kwa hiyo hiyo 2 inaweza kuwa 1 na nusu, na nikeli 11 inaweza kuwa 9. Walichofanya vizuri ni kuweka ndani ya mashine, siku hiyo hiyo na mipangilio hiyo hiyo, kipande cha 316 kinachojulikana. Vilele vya washa na vya kipande vikafuatana. Ukilinganisha hivyo, makosa mengi ya vigezo yanakufa yenyewe kwa kuwa yako pande zote mbili.

Doa lilikuwa na kazi. Kutu nene huwezi kuichonga mpaka mwisho, argoni inakula nanomita chache kwa dakika na kutu inaweza kuwa maelfu ya nanomita, tena uso ni wa mashimo mashimo na kutu haipitishi umeme vizuri, inajaa chaji na vilele vinahama mahali pake. Wakaenda ukingoni mwa doa ambako ni jembamba. Juu ilikuwa chuma na oksijeni, kromiamu karibu hakuna, nikeli hakuna. Kuchonga zaidi, kromiamu ikapanda pamoja na oksijeni, ngozi ya kawaida ya stenlesi, ipo chini ya kutu na haijatoboka. Halafu metali. Na walipopiga ramani ya chuma juu ya washa, kwa kuwa mwale wa Auger ni mwembamba sana na hii ndo sifa yake hasa, vipande vya kutu vilikuwa vimejipanga kwenye mistari sambamba ya mikwaruzo.

Matokeo

Mikwaruzo ikatupeleka kwa fundi wa boti, yule wa sumaku. Fundi alikuwa anang'arisha kila boliti baada ya kuifunga kwa brashi ya waya wa chuma cha kawaida, brashi ile ile anayotolea kutu kwenye nanga. Kila akisugua anaacha vipande vidogo vya chuma juu ya stenlesi, vinashika kutu, vinachafua.

Wazee hawakuelewa grafu na sikuwalazimisha. Kilichowatuliza ni jaribio la fundi mwenyewe: washa za boksi moja, nusu zimepigwa brashi ya waya, nusu zimeoshwa tu kwa nailoni, zote zimetundikwa kwenye gati zirushiwe maji. Za brashi ya waya zikaanza kuwa kahawia mapema na vibaya zaidi. Mwenye boti akalipa nusu iliyobaki. Boliti zilizofungwa zikasafishwa kwa asidi ya sitriki na sasa zinaoshwa kwa maji matamu jioni. Madoa yamepungua sana, hayajaisha, na mwenye kukuahidi 316 isiyo na doa hata moja kwenye rasharasha za kusi huyo anataka kukuuzia kitu.

Kilichofaa na kilichokwama

Auger ilifaa pale ilipoulizwa jambo la uso, sehemu ndogo, tabaka juu ya tabaka. Hakuna kifaa cha eksirei cha mkononi ambacho kingeonyesha kwamba ngozi ya kromiamu bado nzima chini ya kutu. Ilikwama pale ilipofanywa hakimu wa daraja la chuma, na haikukwama kwa ubovu wake.

Tahadhari moja kuhusu doa. Kukuta ngozi nzima chini ya kutu hakuthibitishi peke yake kwamba chuma kilitoka nje, kwa sababu kishimo cha jirani kinaweza kuoza na kutu yake ikatiririka juu ya sehemu nzima. Ni mistari ya mikwaruzo, kukosekana nikeli, na jaribio la gati, vyote pamoja, ndivyo vilivyobeba uamuzi. Mtu akikuletea vipimo vya kuchonga tabaka baada ya tabaka vya sehemu moja tu usimkubalie hivi hivi.

Kilichoharibika kabisa ni kile kipimo cha kwanza, na hakiokoleki. Ile kromiamu asilimia 24 ya metali niliyoihesabu ilisaidia kupunguza moto lakini siitegemei kwa lolote, manake limau ni asidi ya sitriki, na asidi ya sitriki ndiyo watu wanayotumia kiwandani kuondoa chuma cha juu na kuacha kromiamu. Huenda tulipima ngozi ya boliti, huenda tulipima kazi ya limau. Vilele vya kromiamu na oksijeni navyo vimekaa karibu karibu, na kwenye ripoti ile hakuna aliyeeleza vilitenganishwa vipi.

Klorini nayo ilibaki bila jibu. Kwenye boliti za kwanza inaweza kuwa ya bahari, inaweza kuwa ya jasho la vidole, sodiamu ipo kwa zote mbili. Kwenye washa za raundi ya pili ilionekana, lakini kila walivyopima ilikuwa inashuka, kwa vile mwale wenyewe unaifukuza klorini kutoka juu ya uso, na ukichelewa kuipima mwanzoni namba unayopata ni ya mabaki. Ripoti ya mwisho iliandika klorini ipo, bila asilimia, na fundi wa mashine alipoulizwa na kijana kwa nini hajaweka namba alikataa kuiweka. Alikuwa sawa.